Laini imepita kipimo, data bado inaharibika: kutafuta kiwango halisi cha makosa pale biti zinapoingiliana

Fundi kijana alinipigia simu asubuhi kutoka shamba moja la maua upande wa Usa River, nje kidogo ya Arusha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Waya umesemaje?"

"Waya ni mzima dada. Nimeuacha kwenye kipimo usiku kucha, hakuna kosa hata moja. Lakini vihisi vya kwenye kitalu nyumba vikianza kutuma, data inakuja imeharibika."

"Kwenye kipimo ulikuwa unatuma nini?"

"Moja moja, sifuri sifuri. Inajirudia."

Jibu lilikuwa hapo hapo. Kipimo chake kilisema kweli, ila kilijibu swali ambalo vihisi haviulizi.

Biti haiishi zamu yake inapoisha. Mabaki yake huingia kwenye zamu ya biti inayofuata, au ya pili, au ya kumi, kama mtu anayetangaza ndani ya ukumbi mtupu: neno la pili linatoka mdomoni wakati mwangwi wa la kwanza bado unazunguka. Ndiyo maana kila mfuatano wa biti zilizotangulia una kiwango chake cha makosa. Tunachokiita kiwango cha makosa cha laini ni wastani wa viwango hivyo vyote. Dalili nyingi hapa chini zinatokana na kusahau jambo hilo, kila moja kwa njia yake.

Waya wenyewe

Nitautumia waya wa shamba kama mfano, kwa sababu hesabu yake inaingia kichwani bila kompyuta. Ni jozi iliyosokotwa, mita 200, ukinzani kwa wimbi (impedance) wa ohm 120, kasi ya biti milioni 1 kwa sekunde. Rizista ya ohm 120 inayotakiwa kukaa mwisho wa laini haikuwepo: aliyebadilisha kisanduku cha mwisho aliondoa kibao cha zamani pamoja na rizista yake.

Wimbi likifika mwisho ulio wazi, linarudi. Linakuta upande wa kutuma wenye ukinzani mdogo kuliko wa waya, linapinduliwa, chanya inakuwa hasi, kisha linakuja tena kwa kipokezi. Safari hiyo ya ziada ni mita 400. Kwenye waya wa namna hii ishara hutumia karibu nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo mwangwi unachelewa mikrosekunde 2, yaani biti mbili kamili.

Tuseme ishara ya kwanza ina ukubwa wa 1 na mwangwi una 0.4. Miangwi ya baadaye, iliyo midogo zaidi, nimeiacha. Tukiandika biti kama +1 na −1, kipokezi kinaona:

biti ya sasa − 0.4 × (biti ya pili kabla yake) + kelele

Kelele iwe ya Gauss, yaani mgawanyo wenye umbo la kengele, yenye mkengeuko wastani σ = 0.2. Kosa hutokea kelele inapoivusha ishara upande wa pili wa sifuri. Uwezekano wa kelele kuvuka umbali wa mara x ya σ huandikwa Q(x). Zikumbuke hizi tatu: Q(3) ni 0.00135, Q(5) ni takriban 3 kwa kila biti milioni 10, na Q(7) ni takriban 1.3 kwa kila biti trilioni. Tazama jinsi ngazi hizo zinavyoporomoka, maana mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Dalili: kipimo kinatoa sifuri, data halisi inaharibika

Chukua mfuatano wa kijana, 11001100. Ukiuangalia, kila biti ni kinyume cha biti ya pili kabla yake. Mwangwi umepinduliwa, kwa hiyo kila mara unaisaidia ishara: 1 + 0.4 = 1.4, ambayo ni mara 7 ya σ. Kosa ni Q(7). Kwa biti milioni 1 kwa sekunde, hilo ni kosa moja kila siku 9 hivi. Usiku mmoja asingeona kitu, na usiku wa pili pia.

Sasa tuma 10101010. Hapa kila biti ni sawa na ya pili kabla yake, na mwangwi unaikata ishara kila mara: 1 − 0.4 = 0.6, mara 3 ya σ. Unapata makosa 1,350 kwa sekunde. Waya ni ule ule, kelele ile ile, dakika ile ile.

Data halisi huchanganya hali hizo mbili nusu kwa nusu. Wastani wa Q(3) na Q(7) ni 0.000675, makosa 675 kwa sekunde, na karibu yote yanatoka upande mmoja. Mfuatano mzuri hauchangii chochote cha kuhesabika. Ukitaka kukadiria makosa ya laini yenye mwingiliano, kazi yako kubwa ni kujua mifuatano mibaya ni ipi na hutokea mara ngapi.

Dawa ni kupima kwa mfuatano wa bahati nasibu bandia, ule unaotokana na rejista yenye mrejesho, yaani safu ya biti inayosogea huku biti mpya ikitengenezwa kutokana na zilizomo. Wenye rejista ya biti 7 hujirudia kila baada ya biti 127, wa 15 kila baada ya 32,767, na wa 31 baada ya zaidi ya bilioni 2. Rejista ya biti n hupitia kila mpangilio wa biti n isipokuwa ule wa sifuri tupu. Kwa waya wetu, ambao kumbukumbu yake ni biti mbili, ule wa 7 unatosha kabisa. Lakini kama mabaki ya biti yanadumu kwa zamu 10, mfuatano wa 7 kamwe hautapitia mipangilio yote, na mpangilio uliokosekana unaweza kuwa ndio wenye makosa. Pima kwanza urefu wa mabaki, ndipo uchague mfuatano.

Dalili: hesabu kwenye karatasi inasema laini ni safi, uwanjani ni chafu

Mara nyingi mtu amepima nguvu ya ishara, amepima kelele wakati laini imetulia, akagawanya, akaingiza kwenye Q. Kwa waya wetu angepata Q(5), makosa 3 kwa biti milioni 10. Ukweli ni zaidi ya mara 2,000 ya hapo. Kelele iliyopimwa wakati hakuna anayetuma haina mwangwi ndani yake, kwa sababu mwangwi ni mabaki ya data yenyewe.

Unahitaji vitu viwili: mabaki ya biti zamu kwa zamu, na σ. Tuma mfuatano unaojulikana, wa biti 127 kwa mfano, urudie mara 100, uchukue wastani wa marudio yote. Kelele kwenye wastani huo inapungua mara 10, na unaona umbo safi la ishara pamoja na mwangwi wake. Kulinganisha umbo hilo na mfuatano uliotumwa ndiko kunakokupa 1, 0, −0.4: ishara yenyewe, zamu inayofuata isiyo na baki, kisha mwangwi. Kisha toa umbo safi kwenye kila rudio la asili. Kinachobaki ni kelele, na mkengeuko wake ndio σ unayoitafuta. Sampuli zichukuliwe katika nukta ile ile ya wakati ambayo kipokezi hufanyia uamuzi. Ukisogea robo ya biti pembeni, mabaki unayopima ni ya nukta nyingine.

Dalili: makadirio yanatisha, laini inafanya kazi vizuri tu

Hili ni kosa la watu waliosoma, na nalionea uchungu kwa sababu linafanya watu wanunue vifaa wasivyohitaji. Mtu anajua mwingiliano upo. Anachukua nguvu ya mwangwi, 0.4 × 0.4 = 0.16, anaijumlisha na ya kelele, 0.04, anapata 0.20. Mzizi wake ni 0.447, anagawanya 1 kwa huo, anapata Q(2.24), sawa na 0.0127. Ni karibu mara 19 ya ukweli.

Kwa nini? Mgawanyo wa Gauss una mikia isiyo na mwisho. Ukiuita mwangwi kelele ya Gauss, umesema kwamba mara moja moja mwangwi wa 0.4 unaweza kugeuka kuwa 1, au 2. Hauwezi. Ni +0.4 au −0.4, basi.

Na kadiri laini inavyokuwa safi ndivyo kosa hili linavyokua. Shusha σ hadi 0.1. Ukweli ni nusu ya Q(6), takriban makosa 5 kwa biti bilioni 10. Njia ya Gauss inasema 0.0076, karibu kosa 1 kwa kila biti 130. Imezidisha zaidi ya mara milioni 10. Njia hiyo inaanza kukubalika pale mabaki yanapokuwa mengi, madogo, yanayolingana, na kelele yenyewe ikiwa kubwa kuliko yote. Pakiwa na mwangwi mmoja mkubwa, iache.

Dalili: mabaki ni mengi mno, kompyuta haimalizi

Kuorodhesha mipangilio yote ni rahisi kwa mabaki 2 au 10. Kwa mabaki 30 mipangilio inapita bilioni 1. Huna haja ya kuipitia mmoja mmoja.

Tengeneza safu ndefu ya visanduku, kila kimoja kikiwa na thamani ya mwingiliano, kuanzia hasi hadi chanya, yenye upana wa kutosha kubeba jumla ya mabaki yote. Weka uzito wa 1 katika kisanduku cha sifuri. Chukua baki la kwanza: uzito wa kila kisanduku ugawe nusu kwa nusu, nusu isogee kulia kwa ukubwa wa baki hilo, nusu kushoto. Fanya hivyo kwa baki la pili, la tatu, hadi la mwisho. Ukimaliza, kila kisanduku kina thamani yake v na uzito wake p. Zidisha p kwa Q((1 + v)/σ), ujumlishe safu nzima. Mizunguko ni 30 badala ya bilioni. Visanduku viwe vyembamba kuliko σ mara 20 au zaidi, maana kila kusogeza kunakuja na kukadiria kidogo.

Njia hii inadai biti ziwe huru, bila moja kuitegemea nyingine. Kama data imepitia msimbo unaokataza mipangilio fulani, kwa mfano wa Manchester, ambao hubadili ishara katikati ya kila biti, usigawe nusu kwa nusu kibubusa. Huenda mpangilio mbaya kuliko yote haupo kabisa kwenye data yako.

Kama unafanya haya kwenye Excel na majibu yanageuka kuwa 0 ghafla, laini yako haijawa kamilifu. Ili kupata Q(x) umeandika 1 − NORM.S.DIST(x;TRUE), na x ikipita 8 tarakimu za kompyuta zinaisha. Andika NORM.S.DIST(−x;TRUE), utapata namba ndogo lakini sahihi. Alama ya kutenganisha ni koma au nukta mkato kulingana na mpangilio wa mashine yako.

Dalili: unaongeza nguvu, makosa hayashuki

Jumlisha ukubwa wa mabaki yote bila kujali hasi au chanya. Jumla ikizidi ishara yenyewe, jicho limefunga: jicho ni mchoro wa biti nyingi zilizopandanishwa kwenye osiloskopu, na hapo utaona kweli hakuna uwazi katikati yake. Mfano: ishara 1, mabaki 0.6 na 0.5. Mipangilio minne inatoa 2.1, 1.1, 0.9 na −0.1. Huo wa mwisho umeshavuka sifuri kabla kelele haijagusa kitu. Biti moja kati ya nne itakosewa hata ukizima kelele yote duniani. Ukiongeza nguvu ya kutuma, mabaki yanaongezeka sambamba nayo. Hapo tibu waya, punguza kasi au weka ikwalaiza, yaani sehemu ya kipokezi inayofuta mabaki.

Hewani dalili hii huja kwa sura nyingine. Viungo vya Wi-Fi kati ya majengo, tuseme kutoka Njiro kwenda mjini, au mjini Moshi juu ya mapaa ya mabati ya Majengo, huacha mwanya kati ya alama na alama (alama moja hubeba biti kadhaa kwa pamoja) ili mwangwi ufie humo. Katika viwango vya 802.11n na 802.11ac mwanya mfupi ni mikrosekunde 0.4, mrefu ni 0.8. Mwangwi uliotembea mita 120 zaidi ya njia ya moja kwa moja umemaliza mwanya mfupi, na kwa mrefu ni mita 240. Weka mwanya mrefu uone. Alama inatoka mikrosekunde 3.6 kwenda 4.0, unapoteza kasi kidogo. Makosa yakishuka wakati kuongeza nguvu hakukusaidia, umeshajua unapambana na nini.

Dalili: umewasha ikwalaiza, makadirio hayalingani tena

Usikadirie kabla ya ikwalaiza kisha ukapima baada yake. Kila aina ina hesabu yake, na waya wetu unaonyesha tofauti vizuri.

Ile ya mstari, inayofuta mwangwi wote, inafanya hivyo kwa kurudisha sampuli za zamani, na kila sampuli inakuja na kelele yake. Nguvu ya kelele inapanda mara 1.19, mkengeuko unafika 0.218, na makosa yanakuwa takriban 2.3 kwa biti milioni. Si haba, kutoka 675.

Ile inayotumia maamuzi yaliyopita hutoa mwangwi wa biti iliyokwisha kuamuliwa, bila kuongeza kelele. Ungetarajia Q(5). Lakini uamuzi ukiwa mbovu, badala ya kufuta mwangwi inauongeza mara mbili, na biti ya pili baada ya hapo ina uwezekano wa karibu asilimia 8 kukosewa nayo. Jumla inakuwa 3.1 kwa biti milioni 10 badala ya 2.9. Kwa mwangwi wa 0.4 ni kidogo. Kwa mwangwi wa 0.9 uwezekano huo unafika nusu, na mlolongo ukiisha kila kosa la mwanzo limezaa jingine kwa wastani.

Kama kipokezi kinatumia njia ya mtafiti Andrew Viterbi, ya 1967, kinachagua mfuatano mzima badala ya biti moja moja. Mtafiti mwenzake David Forney alionyesha mwaka 1972 kwamba hapo kinachotawala ni umbali mdogo kuliko wote kati ya mifuatano miwili inayoweza kuchanganywa. Kwa waya wetu kosa la biti moja linaacha alama mbili, 1 na 0.4, zenye nguvu ya jumla ya 1.16. Mzizi wake ukigawanywa kwa 0.2 ni 5.39, na makosa ni takriban 3.6 kwa biti milioni 100. Ni bora hata kuliko waya usio na mwangwi lakini wenye ishara ile ile ya 1, kwa kuwa mwangwi nao unabeba habari, na kipokezi hiki hakiutupi.

Dalili: unapima mara mbili, unapata namba mbili

Hesabu makosa uliyoyaona. Makosa 100 ya kujitegemea yanakupa namba inayoyumba kwa asilimia 10 hivi. Makosa 4 yanayumba kwa asilimia 50. Usipoona kosa lolote katika biti N, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango hakizidi 3/N. Kuthibitisha kosa 1 kwa bilioni kwa kasi ya waya wetu ni biti bilioni 3, dakika 50 bila kosa.

Neno "kujitegemea" ndilo linaloumiza. Makosa yanapokuja kwa mafungu, kutokana na ikwalaiza ya maamuzi au na kifaa cha kuchanganya biti ambacho hugeuza kosa 1 kuwa 3, hesabu mafungu, usihesabu biti. Na kama mafungu yanaendana na saa ambazo pampu za maji zinawaka, hapo toka kwenye hesabu za mwingiliano. Hiyo ni kelele ya mshtuko, si ya Gauss, na Q haiijui. Tenganisha waya wa data na wa umeme kwanza.

Baada ya matengenezo

Kijana alipata rizista ya ohm 120 mjini na kuifunga mchana ule. Nilimwambia asiamini namba za zamani: rizista inaondoa mwangwi, lakini pia inashusha ishara pale mwisho, maana ncha iliyo wazi huikuza. Mabaki na σ vinapimwa upya.

Halafu kipimo kimoja cha mwisho. Punguza ishara kwa makusudi hadi makosa yaonekane ya kutosha. Tuma 1010 mpaka uhesabu makosa 400, andika idadi ya biti zilizopita. Tuma 1100 kwa idadi hiyo hiyo ya biti. Waya ukiwa hauna mwangwi tena, mifuatano hiyo miwili haina sababu ya kutofautiana. Makosa 400 huyumba kwa 20 hivi kwa bahati tu, kwa hiyo ukiona 370 au 440 upande wa pili, funga kisanduku. Ukiona 90, kuna ncha nyingine iko wazi mahali fulani kwenye zile mita 200.